Sifuri Kwenye Foleni

Ilianza na harufu ya nywele zinazoungua.

"Shemeji, umeunguza ndevu?" fundi wa kompyuta aliuliza bila kugeuka.

"Ndevu nizitoe wapi mimi?" alijibu kaka wa mkewe, fundi umeme, akiangua kicheko.

Ilikuwa adhuhuri, nao walikuwa wawili tu katika chumba cha mitambo cha hospitali. Ghorofa ya juu, mama yake fundi wa kompyuta alikuwa akipumua kwa mashine, na mashine ile iliongozwa na kompyuta iliyokuwa mbele ya mwanawe. Kompyuta huzipanga programu kwenye foleni, kila moja na zamu yake. Sasa programu isiyo na jina, namba yake sifuri, ilikuwa imejisukuma mbele, na ile ya mama ikawa inangoja.

Simu ikalia. "Kaka, mama anabadilika rangi!" Ilikuwa sauti ya dada yake.

"Kiondoe hicho kitu," shemeji alinong'ona.

Hakumaliza. Mkono usioonekana ulimnyanyua kwa shingo, ukambamiza kwenye kabati la chuma, ukambamiza tena hata meno yakamwagika sakafuni, na nyuma ya feni ya kompyuta kitu kikacheka kama mifupa inayosagwa, na ile harufu ikazidi hadi machozi yakamziba fundi macho, naye akaandika amri: sifuri ishushwe hadi mwisho wa foleni. Akabonyeza.

Hofu ilikuwa imemsahaulisha alichofundishwa zamani. Katika amri ile, sifuri si programu yoyote. Kompyuta huichukulia kuwa ni yule yule anayeamuru. Na aliyejishusha haruhusiwi kujipandisha.

Kicheko kikakatika.

"Anapumua!" dada akapiga kelele simuni. "Kaka, mama anapumua!"

Fundi alitaka kuitikia. Kifua hakikupanda. Akaanguka kifudifudi, akikwaruza sakafu hadi kucha zikang'oka.

Shemeji akamtambalia, damu ikimchuruzika, akihema. Kila alipovuta pumzi, ya fundi ilikataa. Ndipo akaelewa: humo chumbani, fundi sasa alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya pumzi. Akafumba mdomo, akaibana pua yake. Papo hapo hewa kidogo ikampenya fundi.

"Shemeji… usipumue," fundi alinong'ona.

Shemeji akatikisa kichwa kukubali, macho yamemtoka pima.

Mlango ukavunjwa kwa teke. Manesi na walinzi waliosikia kishindo wakamiminika ndani kuwaokoa, wote wakihema.