Mashine Ilimwona Fundi Randa

"Fundi, kuna mtu ndani ya jengo langu."

"Mwizi?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Njoo stesheni sasa hivi."

Simu ikakatwa. Fundi Randa, seremala asiyewahi kumaliza sentensi mbele ya mwanamke, akabaki ameishikilia sikioni kama anasubiri imwombe radhi. Ujumbe wa dada yake ukaingia: *Mpima ameshaondoka?*

*Bado. Ananiita. Kuna mwizi.*

*Nenda! Na usirudie "safari njema" yako, bubu wewe!*

Miezi miwili sasa walikuwa wakifufua stesheni ya zamani, yeye dari na ngazi, Mpima vipimo. Mpima alikuwa na mashine ya leza ya miguu mitatu. Huisimamisha, hubonyeza, kisha hukimbia kujibanza nyuma ya mlango asije akatokea kwenye picha. Mashine huzungusha kichwa ikirusha mwanga kila upande, dakika nne, halafu huhamishiwa kituo kingine. Kompyuta ikiunganisha vituo vyote, unapata jengo zima la nukta nukta, unaligeuza kama chungwa kiganjani. Ukumbi ulipimwa juzi, vituo tisa. Jana Mpima aliaga. Akauliza, "Fundi, huna neno?" Fundi akaendelea kupigilia msumari uliokwisha kuzama. Mwishowe akasema, "Safari njema."

Alipofika, Mpima alikuwa ameketi kwenye ngazi, kompyuta mapajani, macho mekundu.

"Tazama. Nguzo, dirisha la tiketi, saa ya ukutani. Na huyu ni nani?"

Kando ya nguzo ya tatu alisimama mtu wa kijivu, penseli sikioni, kigoda kifuani.

"Anafanana na... watu wengi."

"Wenye penseli sikioni?"

"Mafundi tuko wengi, dada Mpima."

"Kituo cha pili. Na huyu?"

"Labda ndugu yake."

"Fundi!"

"Ni mimi."

"Si nilisema nikibonyeza kila mtu atoke?"

"Ulisema mashine inapima jengo. Mimi si jengo."

Mpima akauma mdomo, cheko lisimponyoke. "Yaani ulijificha nisikuone mimi, ukasimama mbele ya kitu kinachoona hadi vichwa vya misumari! Anayesogea hutoka pichani kama moshi. Wewe umetoka mzima, mpaka kifungo kilichokatika. Dakika nne, mara tisa, hukutikisika. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakuja."

"Najua. Nimepima. Kituo cha kwanza, mita kumi na nne kutoka nilipojibanza. Cha tano, mita sita. Cha nane, mbili. Cha tisa, ishirini! Kulikoni?"

"Ulikohoa."

"Nikakohoa, ukakimbia?"

"Nilidhani umeniona."

Mpima akafunga kompyuta. Akachomoa karatasi mkobani.

"Sikiliza. Saa sita gari la ofisi linakuja. Huu ni mkataba, miaka miwili, mbali sana. Sijatia sahihi. Hapa mjini nimepewa kazi ya kupima madaraja, nayo sijaijibu. Jana nilikuuliza una neno, ukanipa safari njema. Nililia mpaka nikapaliwa! Leo asubuhi naunganisha vituo, nakuta umejaa ukumbini kama mchwa. Sasa niambie kwa mdomo wako. Kukufuta ni kubonyeza kitufe kimoja tu."

Fundi akatazama saa ya ukutani. Ilikufa zamani, isingemsaidia. Akaenda nyuma ya nguzo ya tatu, akarudi na kigoda.

"Magoti yako," akaanza.

"Yamefanya nini?"

"Unapiga magoti kwenye saruji kutwa, ukikaza miguu ya mashine. Yamechubuka. Nikasema nikuchongee kigoda. Kisha nikaona kigoda kitupu hakitoshi, lazima kiende na maneno. Na maneno sina, nina mbao tu." Akakiweka kigoda mbele yake. "Nakupenda tangu siku uliponiambia ngazi yangu imepinda milimita sita."

"Ilikuwa imepinda."

"Najua! Nilipima kisirisiri. Sita kamili. Hakuna aliyewahi kuitazama kazi yangu hivyo. Usiondoke. Nataka nikuoe. Basi, nimesema."

Mpima akakunja karatasi, akaikunja tena, akaiingiza chini ya mguu mmoja wa kigoda.

"Kinacheza," akasema. "Milimita mbili."

"Sakafu ndiyo mbovu!"

"Tutapima." Akakikalia. Machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

Fundi akamwandikia dada yake: *Nimesema.*

*Umesema nini? Safari njema?*

*Hapana. Anabaki.*

*Nakuja! Vigelegele ninavyo, hata kanga sijafunga vizuri!*

Gari la saa sita likarudi tupu. Mpima akawafuta mafundi wote tisa pichani, maana ofisi ilitaka stesheni, si mchumba. Ila kabla ya kufunga kazi, aliisimamisha mashine katikati ya ukumbi, akabonyeza, akarudi mbio kwenye kigoda chake.

"Njoo."

"Leo hatujifichi?"

"Leo hatujifichi. Dakika nne, usitikisike."

"Hilo ndilo pekee ninaloliweza."

Picha hiyo ndiyo iliyorushwa ukutani siku ya harusi yao. Bwana harusi ametoka mzima, nukta kwa nukta, penseli sikioni. Bibi harusi ana mikono, ana magoti, ana kigoda. Uso ndio umetoka moshi mtupu, kwa sababu dakika nne zote alishindwa kuacha kucheka.