Una Swali Lolote Kwetu?

Foleni ya ofisi ya ushauri wa ajira ilitoka mlangoni, ikapinda na korido mpaka karibu na vyoo. Chuo kizima cha watu wazima kilikuwa kimeambiwa mwisho wa kujiandikisha ni saa sita. Juu ya ngazi, fundi umeme alikuwa akibadilisha taa. Bisibisi ikamponyoka, ikatua ndani ya mkoba wa dada mmoja wa gauni la kijani na kola nyeupe.

"Umenirushia makusudi?"

"Ningekuwa na shabaha hiyo, dada yangu, ningekuwa mwanajeshi."

Alicheka, na fundi akasahau taa. Fundi naye alisoma hapo. Miaka kumi na tano ya ufundi bila cheti ilikuwa imemchosha. Dada alikuwa amemaliza kozi ya ukarani na alitamani kufanya kazi ya mapokezi hospitalini. Kabla foleni haijafika mlangoni, walishapeana namba.

Mshauri wao walimwita Mama Barua, kwa jinsi alivyowarudishia barua za maombi zikiwa zimejaa wino mwekundu. Kila Alhamisi aliwafanyisha mazoezi ya usaili wawili wawili, mmoja mwajiri, mmoja mwombaji. Fundi alijibu vizuri mpaka aulizwe, "Una swali lolote kwetu?"

"Sina."

"Asiye na swali haitaki kazi," Mama Barua alimgombeza.

Kwenye simu, lakini, maneno hayakumwishia.

"Mpenzi, umekula?"

"Umeniuliza saa moja iliyopita."

"Nauliza kama umekula tena."

Wiki moja kabla ya usaili wa hospitali, zamu ya kuwa mwajiri ilimwangukia fundi. Akaufungua wasifu wa karani wake mbele ya darasa.

"Hapa pana miaka minane mitupu. Ulikuwa wapi?"

Fundi alijua fika. Karani alikuwa amemsimulia kwa machozi jinsi alivyomuuguza mama yake mpaka siku ya kumzika.

"Nauliza tena. Ulikuwa wapi?"

Karani alichukua mkoba wake, akatoka. Simu za fundi hakuzipokea. Ujumbe mmoja tu aliusoma: "Watakuuliza, mpenzi. Nilitaka uulizwe kwanza na mtu anayekupenda."

"Anayenipenda haniaibishi mbele za watu," alimwambia dada yake, aliyekuwa akilipiga pasi lile gauni la kijani.

Siku ya usaili walikaa watu watatu mezani. Wa katikati aligeuza karatasi.

"Hapa naona miaka minane. Ulikuwa wapi?"

Safari hii hakuinuka. Swali lile lilikuwa limeshamuuma mara moja.

"Nilimuuguza mama yangu, alipooza. Najua kupanga dawa kwa saa zake. Najua kuongea na daktari mwenye haraka. Na najua mgonjwa anavyotaka kupokelewa, maana miaka minane nilisimama upande wa pili wa dirisha lenu."

Ijumaa walimpigia kumwambia aanze kazi. Kabla hata ya kumwambia dada yake, akampigia fundi.

"Nimepata."

Upande wa pili mtu alivuta kamasi.

"Upo?"

"Nipo. Nafuta machozi, niko juu ya ngazi."

"Shuka basi, usije ukaanguka. Asante. Nisamehe nilivyokususa."

"Wa kusamehewa ni mimi. Ningekuuliza tukiwa wawili."

"Hapo ulikosea kweli. Lakini bila wewe ningelia mbele yao. Asante, mpenzi."

Alhamisi karani alikuja kumshukuru Mama Barua, naye akamkalisha kiti cha mwajiri. Mwombaji alikuwa fundi. Alijibu yote, darasa likabaki kusubiri lile neno lake.

"Una swali lolote kwetu?" karani aliuliza.

Fundi alijifuta viganja kwenye ovaroli, ingawa vilikuwa safi.

"Ninalo moja. Nikija kwenu Jumapili na mjomba wangu, mtatukaribisha?"

Karani aliinamisha macho kwenye karatasi isiyo na kitu cha kusoma.

"Njooni mapema," alisema. "Dada yangu hapendi kusubiri."

Mama Barua alikuwa na kalamu yake nyekundu mkononi. Hakuona cha kusahihisha.