Mfumo Uliokuwa Ukiuliza Kwanza

Kola nyembamba ya rangi ya maziwa shingoni mwa Mzee Mrisho Kapama iliwasha taa ya kijani. Ndani yake mlikuwa na nyuzi mia tatu, kila mmoja mwembamba kuliko unywele, zikisikiliza mishipa ya koo. Mzee mwenyewe hakuweza kutamka. Kiharusi kilimchukua ulimi miaka kumi na moja nyuma. Lakini mishipa ilikuwa bado inatuma maneno, kama mtu anayeendelea kuandika barua na posta imeshafungwa, na kola ilizipokea barua hizo. Kifaa hicho kiliitwa kisemeo.

Kisemeo kilimnong'oneza sikioni neno kililodhani amelitaka. Mzee akabana kidole gumba na cha shahada, maana yake ndilo. Ndipo sauti ikatoka: "Karibu." Kikanong'ona tena, akabana tena. "Binti."

"Ahsante, baba. Shikamoo," alisema Fundi Nyanzala, akakaa kwenye mkeka na kuvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Hii ilikuwa nyumba ya arobaini na moja, na ya mwisho.

Mzee akaanza kuitikia. Mkewe, Bi Mwamvita, alikuwa kando na beseni la karanga. Alimenya moja, akamenya ya pili. Ya tatu ilipoingia kwenye beseni, kisemeo kikasema: "Marahaba."

Ndivyo watu wa nyumba ile walivyokuwa wanaongea. Neno moja, karanga tatu. Siku ya maongezi mengi Bi Mwamvita huwaambia majirani, "Jana tumepiga soga beseni zima." Wajukuu walizaliwa wakaikuta hali hiyo, wakajua kwamba ukimuuliza babu kitu, unakaa chini.

Sasa, kila mashine ina mfumo endeshi, yaani yale maagizo ya ndani kabisa yanayoiambia ianze wapi na iishie wapi. Kisemeo cha Mzee Kapama kilikuwa kinaendeshwa na Mfumo wa Nne, ambao watu walikuwa wameuita Mpole. Kampuni iliyokitengeneza ilikuwa imeshatoa Mfumo wa Tano, Mwepesi. Mitambo iliyoulisha Mpole ingezimwa Ijumaa saa sita mchana, na leo ilikuwa Alhamisi. Nyanzala ndiye aliyepewa kazi ya kupita Tabora nzima, kuanzia Kanyenye mpaka huku Ng'ambo, kuwahamisha waliogoma. Miezi sita alikuwa anaeleza maneno yaleyale. Alikuwa anayasikia hata akiwa anaoga.

"Baba, Mwepesi hasubiri ubane kidole," alieleza. "Amesoma maongezi yako yote ya miaka kumi na moja. Akiona unaanza, anajua unakwenda wapi. Utaongea kama sisi."

Karanga tatu. Karanga tatu. Karanga tatu.

"Ana... haraka... ya... nini? Mimi... siendi... popote."

Bi Mwamvita akacheka mpaka akashika mbavu. "Umeona? Ndivyo alivyo tangu ujana. Alikuwa anatangaza treni stesheni, treni inaondoka yeye bado hajamaliza kuwaaga abiria."

Nyanzala naye akatabasamu, kwa uchovu. "Mama, kesho mchana Mpole anakufa. Kisemeo kitakuwa kola tupu. Na keshokutwa ni nini hapa nyumbani?"

Kicheko kikaisha. Keshokutwa, Jumamosi baada ya alasiri, ilikuwa nikahi ya Zawena, kitinda mimba wao. Mzee ndiye walii. Ilibidi atamke mwenyewe mbele ya mashahidi kwamba anamuozesha binti yake. Kaka zake Zawena walikuwa wameshasema wampe shekhe uwakala amuozeshee, ni jambo linaloruhusiwa. Mzee akakataa. Binti zake wanne aliwaozesha kwa kinywa chake, na huyu wa tano hakutaka aondoke nyumbani kwa kinywa cha mtu mwingine. Hilo alikuwa amelisema Jumatatu, na lilikula karanga nusu beseni.

"Kampuni ina sauti yako ya stesheni," Nyanzala alisema, akiinamisha kichwa kwa sababu sauti ya zamani ndiyo kadi aliyoiweka ya mwisho kila nyumba, na ilikuwa haijawahi kushindwa. "Zile kanda za zamani. Mwepesi atakusemea kwa sauti ileile. Nakuahidi, baba, Jumamosi utamuozesha mwanao kwa sauti yako mwenyewe."

Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akabana kidole kabla kisemeo hakijanong'ona chochote, akafumba macho, akainua kidevu ili avuliwe kola.

Kazi yenyewe ilichukua dakika tisa. Nyanzala alipomrudishia kola shingoni, sauti nene, safi, ya kijana wa miaka thelathini ikajaa ukumbini: "Ahsante sana, binti yangu, Mungu akubariki kwa kazi yako njema, na wasalimie nyumbani."

Bi Mwamvita aliangusha karanga aliyokuwa ameishika. Machozi yakamtoka. "Mrisho," alisema. "Ni wewe kabisa."

Nyanzala akavaa viatu. Hakumtazama mzee usoni wakati ule, na baadaye lilimuuma hilo.

*

Jumamosi alialikwa. Ndege-tarishi wa mizigo, wale wasio na rubani, walikuwa wanashusha masufuria ya kukodi uani, wanawake wako ndani na bi harusi, wanaume wameketi kwenye mikeka barazani. Nyanzala alipewa kigoda pembeni karibu na mlango, kwa ajili ya mashine, na kibao chake cha kupimia mapajani. Kibao kilionyesha mistari miwili: mmoja wa mishipa ya koo, mwingine wa sauti inayotoka.

Shekhe Maganga alikohoa, akamgeukia mzee. "Mzee Mrisho Kapama, wewe ndiye walii wa Zawena. Hapa yupo Bwana Hamduni, na mashahidi..."

"Ewe Hamduni," kisemeo kilidakia, "nakuozesha binti yangu Zawena kwa mahari tuliyokubaliana."

Ilitoka vizuri. Ilitoka kama tangazo la treni ya safari ndefu. Hamduni, jasho likimtiririka, akajibu papo hapo: "Nimekubali kumuoa Zawena kwa mahari hayo." Vigelegele vikapasuka ndani. Mashaallah zikarushwa huku na huku.

Mzee Kapama alikuwa ameshika kola kwa mikono miwili, anaivuta. Machozi yalikuwa yanamchuruzika kwenye ndevu.

"Ni machozi ya furaha, ndugu zangu," kikasema kisemeo. "Karibuni chakula."

Watu wakacheka kwa upendo. Nyanzala akatazama kibao. Mstari wa sauti ulikuwa umepanda na kushuka kama milima. Mstari wa koo ulikuwa umelala. Kuanzia "Ewe Hamduni" mpaka "karibuni chakula", mishipa haikutuma kitu. Mzee alikuwa bado anavuta pumzi, anajiandaa kuanza. Mwepesi alisikia swali la shekhe, akajua jibu la watu wote duniani kwa swali hilo, akalitoa.

Angeweza kufunga kibao. Hilo alilifikiria, na si kidogo. Maneno yalikuwa yaleyale ambayo mzee angeyasema. Mchumba anapendwa, bi harusi ameridhia, pilau iko tayari, na yeye kesho alikuwa na usingizi wa miezi sita wa kulipa. Nani angeumia?

Akamtazama mzee. Akaona kidole gumba kinabana na kuachia, kinabana na kuachia, hakuna mashine inayokisikiliza.

"Shekhe," alisema. "Samahani sana. Hajasema."

Vichwa vikageukia kigoda chake.

"Nani hajasema?" aliuliza mjomba wa bwana harusi. "Mama Fundi, sisi sote tumesikia. Hata watu wa Kazehill, kule mbali, wamesikia."

"Mmesikia kifaa. Mzee alikuwa bado hajaanza."

"Angesema kitu gani kingine? Si ndiyo hayohayo?"

"Ndiyo hayohayo," alisema Nyanzala. "Lakini hakuyasema yeye."

Shekhe Maganga akavua miwani, akaipangusa polepole kwa kanzu. "Mimi siwezi kumuandika kifaa kuwa walii," alisema. "Mzee, twende upya. Unaweza hata kutikisa kichwa, asiyeweza kusema ishara yake inatosha."

"Nimeridhia kabisa, shekhe, tuendelee na shughuli," kilisema kisemeo.

Hapo wote wakamwona mzee akitikisa kichwa kwa hasira, akikataa, huku sauti yake nzuri ikiendelea kukubali. Hakuna aliyecheka tena. Nyanzala akapiga magoti mbele yake, akafungua kibanio nyuma ya shingo, akaivua kola. Ikabaki mkononi mwake inawaka kijani. "Karibuni sana," ikasema, ikazimika.

"Nisamehe, baba," alinong'ona. "Nilikuahidi kitu nisichokijua."

Basi tena wakangoja atikise kichwa. Hakutikisa. Alifungua mdomo. Upande mmoja ulikuwa umelala toka miaka hiyo yote, mate yakamtoka, na sauti iliyofuata hakuna aliyewahi kuisikia, hata Bi Mwamvita aliyekuwa amesimama mlangoni na Zawena nyuma yake katika shela.

"Na," alisema Mzee Kapama. Akapumzika. "Ku."

Wageni wa mbali walianza kutazamana. Watu wa nyumba ile wakakaa vizuri, walikuwa wamezoea. Ilichukua muda mrefu. Mpishi alikuja akachungulia, akarudi kufunika masufuria. Mzee alifika kwenye jina la binti yake, "Za... we... na," akanyamaza, akihema kama aliyepanda mlima.

"Amemaliza?" Hamduni alimuuliza shekhe kwa sauti ndogo. "Nijibu?"

"Hajamaliza. Tulia, baba. Unaoa, hukimbizwi."

Alipomaliza, Hamduni akajibu, na safari hii vigelegele vilichelewa, maana wanawake walikuwa wanalia kwanza.

*

Jumatatu ofisi ilitaka fomu ya mwisho. Kila aliyehamishwa alitakiwa aulizwe swali moja na jibu lirekodiwe: je, umeridhika na mfumo mpya? Majibu arobaini yalikuwa yameshaingia kwa mashine, yenyewe tu, Nyanzala hakuwahi kuyasikiliza. La arobaini na moja lilikosekana kwa sababu kola ya Mzee Kapama ilikuwa ndani ya mkoba wake.

Akafungua la kwanza. "Nimeridhika sana, ahsanteni." La pili. "Nimeridhika sana, ahsanteni." Alikaa akasikiliza yote arobaini, sauti za wazee na za vijana, za wanaume na za wanawake. Nyingine zilijibu kabla swali halijafika mwisho.

Bosi wake akapita na kikombe. "Asilimia mia, Nyanzala! Nenda kapumzike sasa, umetuchosha hata sisi kukutazama."

"Nani aliyeulizwa hapa?"

"Wateja."

"Wamejibu kwa kutumia nini?"

Bosi alifikiri. Akaweka kikombe mezani. "Mitambo ya Mpole imeshang'olewa," alisema. "Hata ukijua, hakuna pa kuwarudisha."

"Najua." Akachukua mkoba. Akainuka.

Wa kwanza kwenye orodha ya wale arobaini alikuwa Bi Mwanahawa wa Kanyenye, aliyehamishwa miezi sita nyuma. Nyanzala alimkuta amekaa uani, sahani mapajani, na mkwe wake Asumini anapakua.

"Karibu, Mama Fundi, umekuja wakati mzuri," alisema Asumini. "Mama anakula vizuri siku hizi! Zamani kila siku kanunia chakula, sasa kila siku anasifia. Mama, kisamvu kitamu?"

"Kitamu sana, mwanangu, mikono yako ibarikiwe," kilisema kisemeo.

Nyanzala akaomba ruhusa, akaivua kola ile taratibu, akavuta kigoda akakaa mbele ya bibi. "Bi Mwanahawa," alisema, "mimi sina haraka. Sema unachotaka."

Asumini alisimama na upawa mkononi. Kuku akapita. Jua likasogea kidogo ukutani. Midomo ya bibi ilikuwa inatafuta, inapotea, inarudi, na Nyanzala hakumsaidia.

"Chu," alisema Bi Mwanahawa. Macho yake yalikuwa yanamwomba mkwewe msamaha. "M... vi."

"Chumvi?" Asumini akaonja kisamvu kwa ncha ya upawa. Akaonja tena. Kisha akaketi chini palepale, kwenye vumbi. "Mama," alisema, "miezi sita?"