Chupa ya Suzana na Moshi wa Kamachumu

Kila usiku Bernadetta alichemsha maji, akayapoza, kisha asubuhi akamjazia binti yake Suzana chupa ya plastiki ya kwenda nayo shule. Kila jioni chupa ilirudi tupu. Bernadetta aliitikisa, akatabasamu. Mama akiona chupa tupu anaridhika, haulizi maji yamepita njia gani.

Maji yale yalikuwa yanamwagwa kwenye mahindi ya shamba la shule. Mahindi yalistawi. Suzana mwenyewe aliteremka ziwani na wenzake, akanywa kwa viganja.

Tumbo ndilo lililosema ukweli. Suzana aliharisha, akapona, akaharisha tena. Akakonda mpaka gauni la shule likamvaa yeye. Zahanati walimpa dawa, wakamwambia mama achemshe maji. Bernadetta aliondoka na machungu yake. Anachemsha kila siku, sasa achemshe mara ngapi?

Jirani yake hapo Kirumba, Mwanza, aliitwa Mwaija, mama Yunus. Alikuwa akiuza maji ya ukwaju kwenye chupa, kwa hiyo kuosha chupa ndiyo ilikuwa kazi yake kutwa. Alikuja kumwona mgonjwa. Suzana alimwamkia kutoka kwenye mkeka, shikamoo ya sauti ndogo. Mwaija aliitika marahaba, akaiona chupa, akaifungua, akainusa. Pua yake ilirudi nyuma yenyewe.

"Mama Suzana, humu mnaweka maji au mnakausha samaki?"

Bernadetta alieleza. Kwao Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, mama yake hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Maziwa hukaa vizuri, tena hunukia. Basi naye huishika chupa juu ya kijinga kinachofuka, mbali na moto isije ikayeyuka. Kisha anakikaza kifuniko, hata kama ndani mna majimaji, vumbi lisiingie.

Mwaija alimgeukia mtoto. "Haya, mwenye chupa. Unayanywa haya maji?"

Suzana alijifunika uso kwa khanga. "Yananuka. Wenzangu wanasema nakunywa jiko."

"Kwa hiyo unakunywa wapi?"

"Ziwani."

Bernadetta aliketi chini polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba.

Mwaija hakumlaumu. Alisema kibuyu na plastiki si ndugu. Kibuyu moshi unakifaa, lakini plastiki ikishika harufu haitaki kuiachia. Na chupa ikifungwa ingali mbichi, inavunda. Akachukua sindano, akang'oa kile kipete cha mpira ndani ya kifuniko. Chini yake palikuwa na utelezi mweusi.

"Haya ndiyo makao makuu," alisema. "Unaosha mikoani kote, makao makuu huyagusi."

Ilikuwa miaka ya uhaba; Bernadetta alisema sabuni haipatikani dukani. Mwaija akamwuliza anaishi mji gani yeye, asiyejua kwamba sabuni sasa inaonekana ndotoni tu. Lakini magadi yapo sokoni. Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, chupa ijae mpaka mdomoni, kifuniko na mpira viloweke pembeni, vyote vilale hivyo mpaka asubuhi. Asugue ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, asuuze sana. Harufu ikibaki, aloweke tena kwa maji ya limau. Asichanganye limau na magadi, vitauana nguvu. Mwisho aipindue juani bila kifuniko mpaka ikauke kabisa.

"Lete nikuanzie," alisema, akanyoosha mkono.

Bernadetta hakuitoa. Aliikumbatia chupa, akatazama mlangoni.

"Mama Yunus, mimi tangu niolewe nimerudi kwetu mara moja tu, kumzika baba. Jioni nikiinusa hii, namsikia mama. Ni kama yuko jikoni ananiita."

Mwaija mtani alikosa utani. Aliushusha mkono.

"Basi mama yako mfuate kwa meli," alisema. "Usimtafute kwenye maji ya mtoto."

Bernadetta alimtazama Suzana, ile mikono myembamba juu ya khanga. Akaitoa chupa.

Magadi yalifanya kazi usiku kucha. Asubuhi aliisugua, akaisuuza. Moshi ulibaki kwa mbali, akaiwekea limau. Halafu jua la Mwanza likamaliza yaliyobaki. Akaijaza maji yaliyochemshwa na kupozwa, akampa Suzana. Mtoto alionja kidogo, akatazama ndani kama anatafuta kilichopotea. Kisha akainua chupa, akanywa mpaka chini.

"Mama, ongeza."

Bernadetta aliongeza. Kuanzia hapo Suzana hakuteremka tena ziwani, na gauni likaanza kumkaa.

Jioni moja Bernadetta aliiinua chupa iliyokauka, akaweka pua. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa chupa tu. Alisimama mlangoni, uso wake kule meli ya Bukoba inakotokea. Halafu akaingia ndani, akamwambia mume wake kwamba mavuno ya shule yakiisha, yeye na Suzana wanasafiri kwenda Kamachumu. Hakuwa anaomba ruhusa.

Akabandika maji ya kesho.