Taa ya Ndani ya Tanuri

Kila nikitoka shule nilipitia jikoni kwa masista, kwenye misheni iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mama yangu, Rosa, alikuwa mpishi hapo. Nilimchotea maji na kumchambulia mchele, kisha tukasubiri saa kumi jioni, wakati mzee Ildefonsi alipowasha injini ya umeme. Hapo ndipo mama alipooka mikate ya wagonjwa wa zahanati katika tanuri la umeme.

Mwaka huo, 1976, nilikuwa darasa la sita, wa kwanza kwa sayansi, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Wenzangu darasani niliwaona mbumbumbu, lakini mzee Ildefonsi nilimdharau kupita wote. Hajui hata kuandika jina lake, eti naye fundi! Tena zile salamu zake zilinitia kichefuchefu. Kwetu Buha watu husalimiana kwa kupiga makofi taratibu, mdogo hupiga magoti, na hakuna kinachoachwa bila kuulizwa: watoto, mbuzi, maharage, binti aliyeolewa kijijini Titye, hata kikohozi cha jirani. Mzee huyo hakumruka mtu. Kutoka kwake hadi kibanda cha injini ni hatua mia mbili, naye aliweza kuzitembea saa nzima. Nilimwona mpoteza muda tu.

Alhamisi moja nilimkuta mama ana wasiwasi. Taa ndogo ya ndani ya tanuri ilikuwa imepasuka jana yake. Bila taa hiyo hakuona kitu kupitia kioo cha mlango, na akifungua mlango kuchungulia, mikate inanywea. Masista walikuwa na taa nyingine kabatini, ya aina ileile isiyopasuliwa na joto. Mama akaniambia tumsubiri mzee aje kuibadilisha. Nikabetua midomo. Tumsubiri wa nini? Injini imezimwa, umeme haupo, hata mtoto wa darasa la tatu anajua hilo. Nikamwambia nitaibadilisha mwenyewe. Mama akanikataza, akatoka kwenda bustanini kuchuma mchicha.

Alipotoka tu, nikaanza kazi. Nilifungua kifuniko kidogo cha kioo kinachofunika taa. Kioo cha taa kilikuwa kimevunjika chote, ila kitako chake cha chuma kilikuwa kimenasa ndani. Nikachukua plaizi ya chuma tupu, isiyo na mpira kwenye mikono yake, nikaingiza mkono wote tanurini, nikaanza kukizungusha. Swichi ya ukutani sikuigusa. Pale jikoni hakuna aliyekuwa na desturi ya kuizima, kwa sababu kila usiku injini ilituzimia vyote.

Kitako kiligoma. Nikakaza mkono, nikikisonya. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika tano.

Mara nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa mzee Ildefonsi, anahema, na mama nyuma yake na mchicha wake. Kumbe walikutana njiani wakasalimiana kama kawaida: mbuzi, maharage, Titye. Alipofika kwenye kuuliza habari za watoto, mama akamwambia kwamba mimi nimebaki jikoni na nilitaka kubadilisha taa mwenyewe. Mzee akaiacha injini kwanza, akaja mbio jikoni.

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono akazima swichi, akachomoa waya ukutani, akaniambia niendelee. Kitako kikatoka. Nikafunga taa mpya, nikarudisha kifuniko. Nilijua amekuja kunionea wivu, mzee wa watu.

Kisha akasema, "Sasa rudisha waya na swichi kama nilivyovikuta. Usiguse kitu kingine. Kaa hapo uangalie ndani."

Akaondoka. Nilikaa mbele ya tanuri na plaizi yangu mkononi, nikicheka moyoni. Nje nilimsikia akimsalimia mtu mwingine, makofi na maswali yake yote. Kisha injini ikakohoa, ikanguruma.

Taa ikawaka. Hakuna aliyegusa swichi. Iliwaka palepale vidole vyangu vilipokuwa vimeshika chuma muda mfupi uliopita. Plaizi ikaanguka sakafuni. Mama akaketi chini akalia.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni.

"Mjukuu wangu, umeme uliouzima wewe ni wako. Ule uliozimwa na mwingine, huyo mwingine atauwasha bila kukuuliza. Kabla ya kuingiza mkono, zima swichi mwenyewe, chomoa waya mwenyewe. Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili na vidole vyangu vyote ninavyo."

Mama akafuta machozi. "Uliona aibu kumsubiri mtu asiyejua kusoma," akaniambia. "Leo kama asingesimama kunisalimia, angewasha saa kumi kamili. Mdharau mwiba mguu huota tende, Immakulata."

Dharau yangu yote ilikuwa imenigeukia mwenyewe, na ilinistahili.

Kesho yake nilimsubiri mzee njiani. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu, nikamuuliza habari za mbuzi, za maharage, za binti yake wa Titye. Sikuharakisha. Nilimuuliza hata kikohozi cha jirani yake.