Singa Iliyosogea

Mwanaidi alikuwa na miaka sita. Aliishi karibu na shamba la mkonge, mahali ambapo kila jani lina mwiba kwenye ncha.

Mama yake alikuwa anaanika singa. Singa ni nyuzi ndefu, nyeupe, zinazotoka ndani ya jani la mkonge. Mashine inakula jani, inatema singa.

Gurugumu, gurugumu, ilisema mashine.

Singa zikitoka huwa zimelowa. Mama na wenzake walizitundika kwenye nyaya, mstari baada ya mstari, mpaka uwanja mzima ukawa mweupe. Kazi iliyobaki ilikuwa ya jua.

Msimamizi wa uwanja aliitwa Mama Kijazi. Alikuwa na filimbi shingoni, fimbo mkononi, na sheria moja tu.

"Macho mbele, mikono nyuma."

Sheria hiyo ilikuwa kwa ajili ya mashine. Mashine haijui kutofautisha mkono na jani. Kwa hiyo mtu yeyote akisema maneno hayo, kila mtu anatii papo hapo. Mkubwa anatii. Mdogo anatii. Maswali baadaye.

Mwanaidi aliipenda sheria hiyo. Ilikuwa sheria pekee ambayo hata mtoto angeweza kuwaambia watu wazima. Bahati mbaya, hakuwahi kupata nafasi ya kuitumia.

Siku moja ya likizo, Mama alimchukua Mwanaidi kwenda naye kazini.

Njiani, juu ya jiwe, walimkuta mjusi. Mjusi alikuwa na rangi ya jiwe. Alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwanaidi alisimama. Macho mbele, mikono nyuma. Alimtazama mpaka mjusi akachoka kutazamwa na kwenda zake.

Mbele kidogo, kwenye ua wa michongoma, walimkuta kinyonga. Kijani juu ya kijani. Aliinua mguu mmoja, akafikiri, akaurudisha.

Mwanaidi alisimama tena. Macho mbele, mikono nyuma.

"Twende, mwanangu," Mama alisema. "Kinyonga hana haraka. Mama Kijazi anayo."

"Mama, kwa nini wanajificha?"

"Ili wasionekane na kunguru. Wala paka. Wala watu wenye fimbo."

Walipofika uwanjani, Mwanaidi alisalimia kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Kijazi."

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au kuchezacheza?"

"Kazi."

"Haya. Okota singa zilizoanguka. Usiache hata moja."

Basi Mwanaidi akaokota. Singa hapa, singa pale. Aliinama, akaokota, akaweka begani. Aliinama, akaokota, akaweka begani.

Gurugumu, gurugumu, ilisema mashine.

Kwenye mstari wa mwisho, kule mbali, aliona singa nyingine kwenye majani. Ilikuwa nene na nyeupe kuliko zote. Mama Kijazi angefurahi, kama ana kawaida ya kufurahi.

Mwanaidi akainama. Akanyoosha mkono.

Singa ikasogea.

Mwanaidi akautazama mkono wake. Mkono ulikuwa haujagusa kitu. Upepo nao haukuwapo.

Singa ikainua kichwa. Ilikuwa na macho mawili mekundu, madogo kama shanga. Ikatoa ulimi, ikaurudisha. Singa hazina ulimi.

Alikuwa nyoka. Nyoka mweupe, kuanzia kichwani mpaka ncha ya mkia.

Mwanaidi akarudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu. Macho mbele, mikono nyuma.

Aliogopa sana. Na alimpenda sana. Mambo yote mawili yalikuja kwa pamoja, na Mwanaidi hakujua aanze na lipi.

Alimtazama. Mjusi ana jiwe lake. Kinyonga ana majani yake. Nyoka huyu, juu ya majani mabichi, alionekana kama shati la shule lililoanguka kutoka kwenye kamba. Kunguru yeyote angemwona.

Labda nyoka mwenyewe alijua. Shwaaa, alipita kwenye majani. Shwaaa, alipanda kwenye singa zilizoning'inia karibu na nguzo.

Akapotea. Mweupe ndani ya nyeupe.

Mwanaidi akatabasamu. Kumbe na yeye alikuwa na mahali pake.

Piiii, ililia filimbi ya Mama Kijazi.

"Trekta iko njiani. Kusanyeni zilizokauka, kuanzia mstari wa mwisho."

Mstari wa mwisho ulikuwa mstari wa nyoka.

Singa zilizokauka huondolewa kwa mikono miwili. Unazikumbatia kifuani, unazivuta, unazibeba kama mtoto aliyelala. Mama alikuwa hodari kuliko wote kwa kukumbatia singa. Akaanza.

Kumbatio la kwanza. Shwa.

Kumbatio la pili. Shwa.

Nguzo ya nyoka haikuwa mbali.

Mwanaidi alijua neno moja ambalo lingemsimamisha Mama. Neno lenyewe ni "nyoka." Lakini alijua pia kinachofuata. Wiki iliyopita mtu alilitamka neno hilo jikoni kwa jirani. Watu walikuja na fimbo, na mchi, na jembe moja. Hakuna aliyemuuliza nyoka alikuwa anaelekea wapi.

Akipiga kelele, nyoka atapigwa. Akikaa kimya, Mama atamkumbatia nyoka.

Kumbatio la tatu. Shwa.

Mama akafika kwenye nguzo. Akafungua mikono.

"Macho mbele, mikono nyuma," alisema Mwanaidi.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitosha. Mikono ya Mama ikaenda nyuma, yenyewe, kabla Mama hajafikiri.

Mwanamke wa mstari wa pili akasikia. "Macho mbele, mikono nyuma," akasema, naye akatii. Wa tatu akasikia. Wa nne akasikia. Maneno yakavuka uwanja mpaka kwa fundi wa mashine, naye akaizima.

Gurugumu, guru, gu.

Uwanja mzima ukawa kimya. Kila mtu alisimama na mikono mgongoni. Mtu mwenye mikono mgongoni hawezi kushika mchi.

Mama Kijazi alikuja kwa hatua kubwa kubwa. Fimbo yake ilikuja naye.

"Nani kasema?"

"Mimi," Mwanaidi alisema.

"Mashine iko kule. Wewe uko huku. Umeona nini?"

"Mama Kijazi, wewe bado."

"Bado nini?"

"Mikono."

Mama Kijazi aliitazama fimbo yake. Akamtazama Mwanaidi. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na alikuwa ameitangaza kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

Akaweka mikono nyuma, pamoja na fimbo.

Mwanaidi naye mikono yake ilikuwa nyuma, kwa hiyo alionyesha kwa kidevu. "Hapo kwenye nguzo, mbele ya Mama. Ni nyoka. Ni mweupe."

Mama alikuwa karibu kuliko wote. Mwanaidi alimgeukia.

"Mama, rudi pole pole," alisema. "Mimi nilirudi hatua tatu."

Mama akarudi hatua moja. Akarudi ya pili. Akarudi ya tatu, na ya nne akaongeza mwenyewe. Mwanaidi akaja kumwegemea, na ubavu wa Mama ulikuwa wa moto na salama.

Ndipo singa mbili zikaachana, na katikati kikatokea kichwa cheupe chenye macho mekundu.

"Huyo ni jini," alinong'ona Bi Mwanjaa, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote pale uwanjani.

"Jini ana kazi gani kwenye singa zangu?" alisema Mama Kijazi. "Huyo ni nyoka. Nimewaona hapa wa kijani, wa kahawia, na weusi. Mweupe ndiyo kwanza namwona leo."

"Kwa nini ni mweupe?" Mwanaidi aliuliza.

"Kazaliwa hivyo. Wapo, ila ni wachache."

"Ana sumu?"

"Sijui," alisema Mama Kijazi. "Ndiyo maana mikono iko nyuma."

Tutututu, trekta ikaingia. Dereva, Kaka Mbaruku, alishangaa kukuta watu wote wamesimama na mikono mgongoni. Akashuka. Akaweka mikono yake mgongoni. Hakujua kwa nini, lakini hakutaka kuwa wa mwisho.

Nyoka alishuka chini, shwaaa. Sasa alikuwa juu ya majani mabichi, mbele ya kila mtu, na hakuwa na pa kujificha.

Hakuna aliyesogea. Fimbo ya Mama Kijazi ilisogea kidogo. Mama Kijazi akaikaza.

Chini ya nguzo kulikuwa na shimo. Nyoka alinusa kwa ulimi. Akaingiza kichwa, akaingiza mwili, akaingiza mkia. Shimoni ikasikika kelele, chichichi, kisha kimya.

"Kumbe lile ni shimo la panya," alisema Mama.

"Ndio hao wanaotutafunia singa," alisema Mama Kijazi. Alifikiri kwa muda mrefu, na kwa Mama Kijazi hilo halikuwa jambo la kila siku. "Basi aachwe. Shimo lisizibwe. Na kuanzia leo, kabla ya kukumbatia singa, tikiseni waya kwanza. Nyumba ya mtu inapigiwa hodi."

Kisha akapuliza filimbi, piiii, na mikono ikarudi mbele.

Bi Mwanjaa alikuwa wa kwanza. Alitikisa waya wa mstari wa mwisho kwa ncha ya ubao aliouokota chini.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyejibu. Akakumbatia singa zake.

Mstari wa pili wakatikisa nao. "Hodi, hodi." Wanawake walicheka, lakini walitikisa. Kaka Mbaruku alipiga hodi hata kwenye tela la trekta yake mwenyewe.

Gurugumu, gurugumu, ilisema mashine.

Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, Mama Kijazi alimwita Mwanaidi. Alimpa singa moja, ndefu, nyeupe, iliyochanwa vizuri.

"Chukua. Ila ukisema sheria yangu bila sababu, nitakupeleka ukaokote uwanja mzima peke yako."

"Ndiyo, Mama Kijazi. Asante."

Nyumbani Mwanaidi alioga, akala ugali na mchicha, akapanda kitandani. Mama alikaa pembeni yake, akamshika mkono. Aliushika kwa muda mrefu kuliko siku nyingine.

"Ulinisimamisha vizuri," Mama alisema.

"Niliogopa utamkumbatia."

"Na mimi ningeogopa, kama ningejua."

Mwanaidi akaweka singa yake juu ya kiti, karibu na mto. Ilikuwa ndefu na nyeupe sana.

Akaitikisa kidogo kwa ncha ya kitana.

"Hodi," alisema.

Akasubiri. Macho mbele, mikono nyuma.

Singa haikusogea.

Basi Mwanaidi akafumba macho, akalala.