Mwenye Gari Jeupe Ashuke Tafadhali

Meneja Maeng Il-hwan alikuwa bado amesimama Inspekta Pyo Hae-ran alipofika. Gari jeupe lilikuwa limembana kiunoni, mgongo wake kwenye nguzo ya kumi na nne, kifua kimelalia buti kama mtu aliyechoka akaomba apumzike kidogo. Mkononi alishika ufagio mdogo. Miguuni pake palikuwa na wavu wa mtaro uliozibwa na majani.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi, Inspekta." Bi Chu, mfagizi wa majengo, alikuwa amekalia ndoo yake. "Saa nne na dakika kumi. Nilimsalimia. Nikamsalimia tena. Nilidhani amenikasirikia."

Hapo palikuwa ghorofa ya pili chini ya ardhi, kwenye maegesho ya majengo ya Haemaru, Incheon. Majengo sita, familia mia nne, na meneja mmoja wa kuangalia kila kisichokuwa cha mtu: ngazi, lifti, taa, mitaro, maua, takataka. Miaka kumi na miwili aliifanya kazi hiyo. Taa ikizimika, Maeng. Jirani wa juu akiruka kamba, Maeng. Leo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kitu kilichoharibika kwenye sehemu ya wote, na hapakuwa na wa kumpigia simu.

Koplo Namgung alichungulia ndani ya gari. "Gia iko nyutro, afande. Breki ya mkono imeachiwa. Sakafu ina mteremko. Gari limejiteleza lenyewe. Ajali."

"Limekaa bila kuteleza, likangoja meneja apite?"

Namgung aliinama akatazama magurudumu.

Kuacha gari nyutro hakukuwa kosa. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo waliochelewa kurudi waliegesha mbele ya magari ya wenzao na kuyaacha magurudumu huru, ili anayetaka kutoka asukume tu, apite. Namba ya simu ya mwenye gari huwekwa kwenye kioo, lakini ni adabu tu.

"Kamera ile?" Pyo alinyoosha kidole darini.

"Imekufa tangu Aprili," Bi Chu alijibu. "Meneja aliomba itengenezwe mara tatu. Kikao cha wakazi kikakataa mara tatu. Walisema wao si wezi."

Daktari wa polisi alivua glavu. "Nyonga imesagika, damu imevujia ndani. Hakufa papo hapo, Inspekta. Ameishi nusu saa, pengine zaidi. Angefikishwa hospitali, huenda angepona."

Pyo aliutazama ule uso. Alikuwa ameona maiti nyingi, lakini huyu alimuuma. Nusu saa, chini ya familia mia nne.

Mwenye gari alikuwa Gu Yeon-ju, muuguzi, nyumba namba 1404. Alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia na macho mekundu.

"Nimetoka zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikaegesha. Nikalala."

"Simu yako?"

"Niliizima."

"Ofisi ya meneja imekupigia mara mbili."

"Mimi? Kwa nini? Niliacha nyutro, jamani! Mnaweza kuangalia!"

"Tumeangalia. Nasikia ofisi ilitangaza pia. Spika yako hukuisikia?"

Yeon-ju aligeuka kutazama ukuta wa sebuleni. Kila nyumba ya Haemaru ina spika ndogo iliyounganishwa na ofisi ya meneja, nayo haina swichi ya kuzimia. Ya kwake ilikuwa imefunikwa kwa taulo lililokunjwa, likabandikwa kwa utepe mpana.

"Kila mtu hufanya hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Leo takataka, kesho maji, keshokutwa mbwa. Mtu utalala saa ngapi? Kwani ilisema nini?"

Pyo hakujua. Jirani wa 1403, bibi aliyekuwa akimenya vitunguu saumu sakafuni, ndiye aliyemwambia.

"Si walikuwa wakimwita mwenye gari jeupe ashuke! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. 'Mwenye gari jeupe, namba za mwisho 4471, tafadhali shuka nguzo ya kumi na nne.' Nikasema, huyo mtu ana masikio ya nta?"

"Sauti ya meneja?"

"Hapana, ya Mzee Tak, mlinzi. Na ilikuwa ikitetemeka. Nilidhani ana mafua."

Pyo alisimama pale mlangoni. Namgung alimwona amekunja uso.

"Kuna nini, afande?"

"Koplo, wewe unaishi ghorofani. Gari lililo nyutro likikuzibia njia, unafanyaje?"

"Nasukuma."

"Humwiti mwenyewe?"

"Wa nini? Si ndiyo maana kaliacha..." Namgung alitazama viganja vyake, akasema, "Haitwi mwenyewe ila kama huwezi kuligusa."

"Au hutaki kuonekana umeligusa. Twende."

Ofisi ya meneja ilikuwa chumba kimoja chenye kipaza sauti mezani. Karani alikuwa na ruhusa siku hiyo. Ukutani palikuwa na tangazo la jana lenye saini ya Maeng: *Kuanzia leo walinzi hawaruhusiwi kusukuma wala kuendesha magari ya wakazi. Sheria inakataza. Tafadhali msiwaombe.* Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Sasa wana kazi gani?*

Mlinzi Tak Gi-nam, miaka sitini na tisa, alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani. Kiazi kitamu cha kuchemsha alichokuja nacho kilikuwa bado kizima.

"Mzee Tak, wewe ndiye uliyetangaza?"

"Ndiyo."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Gari lilikuwa limeziba njia."

"Njia ya nani?"

Mzee aliigeuza kofia yake, akauliza, "Inspekta, nitafukuzwa?"

"Kwa nini ufukuzwe?"

"Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Unaisha tarehe thelathini. Nyumbani kuna mke wangu, hainuki. Umri huu nikitoka hapa hakuna atakayenichukua."

"Tuanze na gari."

"Sijui gari."

Pyo alivuta daftari la malalamiko lililokuwa mezani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa fupi kuliko zote, maana aliiandika mwenyewe. Mazoea ni maradhi; simu ikilia, Mzee Tak huandika.

"Nisomee," Pyo alisema.

"Macho yangu..."

"Basi nisome mimi. 'Saa 3:21, nyumba 902, matangazo yamezidi, mtoto amelala. Saa 3:28, nyumba 1601, punguza sauti. Saa 3:40, nyumba 1103, huyo mwenye gari ashuke basi, mnatuchosha.' Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Watu watatu walipiga simu. Kuna hata mmoja aliyeuliza kuna nini?"

Mzee alitikisa kichwa.

Namgung aliingia na karatasi kutoka kwa wataalamu. Alama za viganja kwenye boneti, mikono miwili, mtu aliyesukuma. Na kwenye buti, kando ya maiti, viganja vile vile, vimeteleza kuelekea chini mara nne au tano juu ya vumbi.

"Nionyeshe mikono yako, mzee wangu."

Aliinyoosha. Viganja vilikuwa na vumbi jeusi, na ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka. Pyo alimsomea haki zake kama sheria inavyotaka. Tak aliitikia kila neno kama anayepewa maelekezo ya zamu.

"Ulilisukuma likambana," Pyo alisema. "Kisha ukajaribu kulirudisha."

"Halikupanda. Kuteremka mtu mmoja anatosha. Kupanda wanatakiwa wawili, watatu." Alijifuta pua kwa kofia. "Sikumwona, Inspekta. Naapa. Alikuwa ameinama kwenye mtaro. Watu walilalamika matairi yao yanalowa, naye akaenda mwenyewe na ufagio. Nilisikia tu 'aa', kama mtu aliyekanyagwa kidole."

"Nani alikuamuru usukume? Tangazo liko ukutani hapa."

"Nilimwambia kuna tangazo. Akasema tangazo ni la meneja, na meneja ni wa nani?"

"Nani, mzee?"

"Mwenyekiti Seok."

Seok Man-ho, mwenyekiti wa kikao cha wakazi. Gari lake jeusi huegeshwa nyuma ya nguzo ile ile.

"Naye aliona?"

"Alisogea akaona. Akasema, 'Hajafa. Sasa wewe, ukipiga simu utaulizwa nani alisukuma na nani alikuruhusu. Hiyo tarehe thelathini unaifahamu. Mwache mwenye gari ashuke mwenyewe, alikute gari lake, apige yeye.' Akapanda gari akaondoka."

"Na meneja? Alisema lolote?"

Hapo Mzee Tak alilia, waziwazi, mdomo wazi.

"Aliniambia, 'Mzee Tak, piga simu.' Nikamwambia, nakwenda kupiga, meneja. Nikapanda ngazi. Simu hii hapa, kipaza sauti hiki hapa. Nikashika kipaza sauti. Nilisema moyoni, familia mia nne, atakosekana mtu mmoja? Akija mtu yeyote, meneja ataokolewa, na mimi sitakuwa nimepiga. Nikatangaza, nikapiga namba ya kiooni, imezimwa, nikangoja. Nikatangaza tena. Walipiga kunikemea. Niliposhuka mara ya mwisho hakujibu tena."

Namgung alikuwa ameacha kuandika.

"Meneja ndiye aliyenipigania nibaki," Tak alisema. "Walitaka kutupunguza. Alisema akitolewa hata mmoja, na yeye ataondoka."

Mwenyekiti Seok alipokelewa kituoni saa tisa alasiri, na wakili wake ubavuni.

"Gari lako limetoka getini saa 3:14," Pyo alisema. "Tangazo la kwanza ni saa 3:16."

"Nilikuwa na miadi ya daktari wa meno."

"Gari jeupe lilikuzibia."

"Nilipofika lilikuwa limeshasukumwa. Nikapita."

"Hukumwona meneja?"

"Mimi hutazama mbele ninapoendesha, dada. Ndivyo sheria inavyosema."

"Umegusa gari lile?"

"Wala kwa kidole. Pimeni."

Walipima. Hakuwa ameligusa. Kamera ilikuwa imekufa, naye ndiye aliyeongoza vikao vitatu vilivyokataa kuifufua. Kilichobaki ni neno la mlinzi wa miezi mitatu dhidi ya neno la mwenyekiti. Ikithibitika alimwamuru mlinzi kinyume cha sheria, kiti chake kingekwenda. Kwa ajili ya kiti cha kikao cha wakazi na jino moja, mtu aliachwa afe amesimama. Pyo alijua hivyo, na Seok alijua kuwa anajua. Mwendesha mashtaka alisoma jalada akalirudisha: mshtakiwa ni mmoja, Tak Gi-nam.

Pyo alipiga meza. Meza haikufanya lolote.

Kabla ya kupelekwa mahabusu, Mzee Tak aliweka kidole gumba kwenye maelezo yake, kisha akainua uso.

"Inspekta, kesho asubuhi ni zamu yangu. Nani atafungua geti la takataka?"



Jumapili asubuhi Pyo alikuwa nyumbani kwake, ghorofa ya tisa, upande wa pili wa mji, akipasha supu ya maharage. Ukutani kitu kilinong'ona. Alizima jiko. Spika yake mwenyewe alikuwa ameiziba kwa utepe miaka mitatu iliyopita, tabaka tatu, akasahau. Alipanda kiti akaubandua kwa kucha.

"...namba za mwisho 2086, tafadhali ashuke, mbele ya jengo la pili."

Hakuwa na gari lenye namba hiyo. Alivaa viatu bila soksi akashuka kwa ngazi, maana lifti ilichelewa.

Mbele ya jengo la pili palikuwa na gari la bluu lililoachwa taa zikiwaka, na mlinzi mzee aliyesimama kando yake. Alipomwona anakuja mbio, mzee alishtuka, akavua kofia.

"Ni lako, mama?"

"Hapana. Nimesikia ukiita."

Mzee alimtazama kama asiyeelewa.

"Miaka saba naita," alisema. "Hajawahi kushuka asiye mwenyewe."